Shimo la kunyonya likifika majini: jibu kwa msomaji wa Mwambani

Msomaji wa Mwambani, Tanga, ameniandikia hivi:

“Nina nyumba yangu na vyumba vinne vya wapangaji, jumla tuko watu 12. Vyoo ni vya kuvuta maji, vinaingia kwenye septiki ya vyumba viwili, futi 8 kwa 5, maji yakisimama futi 5, kisha shimo moja la kunyonya. Vyote vilijengwa 2014 na septiki haijawahi kunyonywa. Bomba la majitaka la jiji halijafika huku. Huu mwaka wa pili, masika yakianza choo hakishuki. Hata kiangazi kuna siku maji yanarudi kwenye chemba, halafu baada ya siku mbili tatu yanashuka yenyewe bila mtu kugusa kitu. Fundi anasema nichimbe shimo la pili, liende chini mpaka likute maji, hapo ndipo litanyonya vizuri. Kuna kijana ananiuzia tangi la plastiki lenye mashine ya hewa, anasema maji yakitoka humo ni meupe, unaweza hata kunywa. Kisima changu kiko kama hatua 25 kutoka kwenye shimo. Nifuate la nani?”

Dada yangu, kwa sasa usifuate la yeyote kati yao. Na kabla sijaeleza kwa nini, kuna la leo hii: maji ya kisima hicho yasinywewe, yasipigie watoto mswaki, wala yasioshee kachumbari. Ya kunywa chukua ya bomba, au yachemshe mpaka yatokote kweli; ila ya mtoto mchanga yawe ya bomba tu, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Ya kufulia na kuogea endelea nayo huku tukitengeneza.

Sasa turudi kwenye ile sentensi yako ya siku mbili tatu. Uliiandika kama jambo dogo lakini ndiyo iliyonieleza zaidi kuliko nyingine zote. Hebu kumbuka siku hizo maji yanaporudi kwenye chemba, kisha uulize wavuvi hapo pwani bahari ilikuwaje. Nitashangaa sana wasipokujibu kwamba ilikuwa bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu Tanga, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na bahari inapojaa kiasi hicho haiishii ufukweni. Maji yaliyo chini ya ardhi karibu na pwani hupanda nayo na kushuka nayo. Yakija maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo tu, shimo lako linapumua, choo kinashuka, na wewe unasema limejitengeneza lenyewe.

Maana yake ni kwamba chini ya shimo lako la sasa, la pili hata halijachimbwa, maji ya ardhini yanafika au yanakaribia sana. Jina la Mwambani halikutolewa bure. Ukivunja lile jiwe kwa mtaimbo unaliona lilivyo ndani: matundu juu ya matundu, kama mkate wa kumimina uliochacha vizuri. Ni mwamba wa matumbawe ya zamani, na maji hupita ndani yake kwa mianya na mapango madogo. Mapango ya Amboni unayapeleka wageni kuyatazama. Humo chini ya uwanja wako kuna ndugu zake wadogo.

Kwa hiyo fundi wako hakudanganyi anaposema shimo lililokuta maji linanyonya vizuri. Linanyonya vizuri mno. Majitaka yanaingia moja kwa moja kwenye maji yale yale ambayo kisima chako, na cha jirani, vinayateka, na hakuna kilichoyazuia njiani. Nimeona mashimo ya namna hiyo yakisifiwa miaka mingi kwa sababu hayajai. Hayajai kwa sababu hayana mwisho.

Hapa lazima nieleze kazi ya septiki, maana wengi wanaijua nusu. Tangi halisafishi maji, linayatuliza. Kizito kinazama kuwa tope, mafuta yanaelea na kufanya ukoko, na katikati unapata maji ya kijivu yanayosonga mbele kwenda shimoni. Katika kutulia huko, zaidi ya nusu ya chembechembe zinabaki, na karibu theluthi moja tu, ikienda vizuri nusu, ya uchafu unaooza. Vijidudu vya maradhi vingi vinavuka. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, iliachiwa udongo: mchanga au udongo wa kichanga, mkavu na wenye hewa, mahali majitaka yanapita polepole yakigusa punje moja moja, na bakteria wanaoishi kwenye punje hizo wanakula kinachooza na kuwadhoofisha wale wa tumboni. Ndiyo maana tunasema sakafu ya shimo ikae angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo. Hatua zako 25 hazifiki mita 20. Na hata hizo mita 30 zilifikiriwa kwa udongo wa kawaida. Kwenye mwamba wenye nyufa, mita 30 zinaweza kuwa safari ya saa chache.

Wewe udongo huna. Una jiwe, na chini ya jiwe maji. Kwa hiyo shida yako haiko kwenye ukubwa wa shimo. Hatua nzima ya usafishaji haipo, na ni lazima tuijenge kwa mikono kati ya tangi na ardhi. Watu wanaiita “ya ziada”, jina ambalo halinipendezi, kwa sababu linaifanya ionekane anasa. Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter, Uingereza, aliyejenga tangi lake mwaka 1895 na kulipa jina la septiki, hakuliacha peke yake. Maji yake yalipelekwa kwenye vitanda vya kuchujia. Sisi ndio tuliochukua tangi tukaviacha vitanda.

Lakini usianze na vitanda. Anza na tangi, kwa sababu chochote utakachojenga mbele yake kitauawa na tope likiendelea kuvuka.

Futi 8 kwa 5 kwa 5 ni kama lita 5,600. Kwa makadirio ya kawaida mtu mmoja huacha lita 40 hivi za tope kwa mwaka. Watu 12 ni lita 480. Tangi linatakiwa kunyonywa tope likifika theluthi, yaani lita 1,900 hivi, na hiyo ni kila baada ya miaka minne kwa idadi yenu. Lako limepita miaka 10. Hata kama wapangaji walikuja baadaye, tope limeshapanda mpaka karibu na bomba la kutokea.

Usiniamini mimi, pima. Chukua ufito mrefu, uufunge taulo jeupe kuukuu kuanzia ncha mpaka usawa wa kifua, lifungwe kwa kamba kila shubiri. Fungua mfuniko, uteremshe taratibu mpaka ufito uguse sakafu, hesabu mpaka 60, kisha uinue wima bila kuuyumbisha. Taulo litakuja na rangi mbili: juu kijivu cha maji, chini weusi mzito unaong'ang'ania nyuzi. Huo weusi ndio tope; weka alama, pima kwa futi kamba. Fanya hivyo vyumba vyote viwili. Kama chumba cha pili nacho kina tope la zaidi ya shubiri mbili, basi shimo lako la kunyonya limelishwa tope kwa muda mrefu na kuta zake zimeziba utando mweusi. Mtu asiingie ndani ya tangi, hata baada ya kunyonywa, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Hewa ya mle inaua kimya kimya, na mara nyingi anayekwenda kumwokoa wa kwanza anabaki naye humo.

Gari la kunyonya likishamaliza, mulika kwa tochi kutoka juu uangalie bomba la kutokea. Linatakiwa liwe na tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, mguu mmoja umezama kama theluthi ya kina cha maji, ili maji yachukuliwe katikati, chini ya ukoko na juu ya tope. Matangi mengi ninayofungua hayana. Fundi alipitisha bomba tupu ukutani akaziba na saruji, basi. Tii ya inchi 4 na kipande cha bomba ndivyo vitu vya bei ndogo kuliko vyote nitakavyotaja hapa, na pengine ndivyo vyenye faida kubwa kuliko vyote.

La pili ni maji ya mvua. Paa la nyumba kama yako, tuseme mita za mraba 150, likipata mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja wa masika linakusanya lita 7,500. Hiyo inalizidi tangi lako zima. Kama kuna bomba la paa au mfereji wa uani ulioelekezwa kwenye chemba “kwa muda”, na nimeukuta mara nyingi, basi kila masika unaosha tope lote kulipeleka shimoni kwa usiku mmoja. Ondoa.

La tatu, jikoni. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilijenga kitanda cha kokoto kwa nyumba moja ya wageni Bagamoyo, kazi safi, nikapiga na picha. Mwezi wa nane nikaitwa: maji yametokeza juu ya kokoto, harufu mpaka barabarani. Nikachukua chepe nikachimba pale bomba linapoingilia. Kokoto zilikuwa zimeshikana kama kashata, zimefunikwa mafuta meupe yaliyoganda, na katikati punje za wali. Jiko lao lilikuwa linapika pilau na samaki wa kukaanga kwa watu 40 kwa siku, na mimi sikuweka mtego wa mafuta, kwa sababu mchoro nilioufuata ulikuwa wa nyumba ya familia. Tuliondoa mita mbili za kokoto kwa toroli, tukaziosha zote. Gharama nilibeba mimi, na nilistahili. Kwa hiyo kila jiko la nyumba yako, na la wapangaji, lipite kwanza kwenye kichemba kidogo chenye vizuizi viwili, mafuta yaelee, yakombwe kila wiki yafukiwe. Mafuta ya nazi na ya kukaangia yanaganda vibaya sana yakikutana na maji baridi.

Nitagusa unga wa dawa za septiki, maana najua utaulizwa na mtu. Hamira, magadi, pakiti za bakteria zinazouzwa: kinyesi chenyewe kimejaa bakteria wa kazi hiyo, huna haja ya kununua wengine. Kilicho muhimu ni kutowaua kwa kumwaga jiki chupa nzima kila Jumamosi.

Sasa tufike kwenye kitanda chenyewe. Mimi kwako ningejenga kitanda cha matete. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimevifanyia utafiti vitanda vya aina hii tangu miaka ya 1990, na joto la pwani yetu linavisaidia, kwa kuwa bakteria hufanya kazi haraka zaidi kwenye joto kuliko kule Ulaya vilikoanzia. Ni birika refu lisilovuja, limejazwa kokoto, limepandwa matete, na maji yanapita ndani ya kokoto kutoka upande mmoja mpaka wa pili bila kuonekana juu.

Kwa watu 12 wanaotumia lita 80 kila mmoja tunazungumzia lita 1,000 kwa siku. Kitanda cha mita 8 kwa 2 kinakutosha, na kina nafasi kidogo ya wageni wa sikukuu. Kina cha kokoto ni sentimita 60, maji yakisimama sentimita 50. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi ya karibu asilimia 40, kwa hiyo ndani kunakaa lita 3,200 za maji. Kila tone litakaa humo siku tatu. Kokoto zinazohitajika hazifiki mita za ujazo 10. Usikubali za matumbawe laini, zinamomonyoka kuwa chokaa na kuziba. Tafuta za mwamba mgumu wa bara, za ukubwa wa milimita 10 hadi 20, na kubwa zaidi, kama ngumi ya mtoto, mita nusu ya mwanzo na mita nusu ya mwisho. Zioshwe. Nasema zioshwe kwa sababu fundi atakuangalia kama umerukwa na akili. Vumbi la kokoto lote linakwenda kukaa chini, na ndilo litakalokuziba mwaka wa tatu.

Kuta jenga kwa tofali za saruji, ndani piga lipu ya kuzuia maji, sakafu iwe zege jembamba lenye mteremko mdogo wa sentimita moja kwa kila mita. Ukitumia nailoni nzito ya mabwawa badala ya zege, tandika mchanga chini yake kwanza, kwa sababu jiwe la matumbawe lina makali ya kisu. Kabla ya kutia kokoto, jaza maji, weka alama ukutani, lala, amka uangalie. Birika linalovuja kwenye mwamba ule ni shimo la kunyonya lililopambwa maua.

Mahali pa kutokea ndipo penye ufundi. Bomba la kukusanyia maji linakaa sakafuni upande wa mwisho, linaingia kwenye kichemba, na ndani ya kichemba linamalizikia na elbo, yaani kiungo cha kona, na kipande cha bomba kilichosimama, ambacho hakikugundishwa. Ukikizungusha kuelekea chini, maji kitandani yanashuka, ukikisimamisha yanapanda. Kwa kipande hicho unaweka maji sentimita 10 chini ya uso wa kokoto, na wakati wa kupanda matete unayainua kidogo mpaka yashike mizizi. Nimewahi kuona vitanda vya gharama kubwa vikifa kwa sababu bomba hili liligundishwa kwa gundi na hakuna awezaye kulirekebisha.

Matete utayapata kando ya mto Zigi. Chukua vipande vya mizizi vyenye macho, vinne kwa kila mita ya mraba, uvipande masika yakianza. Ukipenda, changanya na mafunjo. Miezi sita kitanda kitakuwa kijani, na mara moja au mbili kwa mwaka utayakata, uyatoe nje, yasiozee humo humo.

Usawa huu wa maji chini ya uso wa kokoto una sababu nyingine ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mara mbili. Mbu wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na septiki zilizo wazi ndio wale wale wanaobeba matende na mabusha. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje za plastiki nyepesi zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili mbu wakose pa kutagia, huku watu wakipewa dawa, na ugonjwa ukashuka sana. Kitanda ambacho maji yake hayaoni jua hakimpi mbu nafasi. Kikianza kutuama juu, ujue kimeziba, usingoje. Na bomba la hewa la septiki yako livalishwe wavu.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawaipendi. Maji ya kutoka septiki huwa na vijidudu vya kinyesi milioni moja na zaidi katika mililita 100, yaani karibu vikombe viwili vya kahawa ya kijiweni. Kitanda kizuri cha matete kinaweza kupunguza asilimia 99. Inasikika kama kazi imekwisha. Piga hesabu: asilimia 1 ya milioni moja ni 10,000. Maji yametoka meupe, hayanuki, ukiyatia kwenye glasi utayasifu, na bado yana vijidudu 10,000. Maji ya kunywa yanatakiwa kuwa na sifuri. Kwa hiyo yule kijana anayesema “unaweza hata kunywa” mwambie anywe yeye kwanza, mbele yako, kila siku kwa mwezi mmoja.

Ndiyo maana baada ya kitanda bado nataka mchanga. Tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye kina cha sentimita 60 hadi 90, likipokea lita 40 au 50 kwa kila mita ya mraba kwa siku, linapunguza tena asilimia 99 ya vijidudu vilivyobaki. Tunafika kwenye 100 hivi. Kwa lita zako 1,000 hilo ni tuta la mita za mraba 20 hadi 25. Maji yatoke juu kwa mabomba yenye matundu, kwa vipindi, si kwa mfululizo, ili katikati ya vipindi mchanga uvute hewa. Hapo ndipo udongo ambao Mungu hakuuweka Mwambani unauweka wewe. Mchanga uwe wa mtoni, usio wa pwani: wa pwani una chumvi na maganda, na kuuchota ni kujitafutia ugomvi na sheria. Kuupima, tia mchanga nusu chupa ya glasi, jaza maji, tikisa, weka chini saa moja. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi unene wa kucha, rudisha lori.

Tatizo la tuta ni kwamba liko juu, na maji hayapandi yenyewe. Kama uwanja wako una mteremko wa kutosha kuelekea mbali na kisima, kitanda na tuta vinaweza kufuatana bila mashine. Kama ni sawa, utahitaji pampu ndogo ya majitaka yenye boya, inayofanya kazi dakika chache kwa siku. Hiyo siiogopi, umeme ukikatika siku nzima maji yanasubiri kwenye chemba.

Ile mashine ya hewa ndiyo ninayoiogopa kwako. Siyo kwamba ni uongo. Tangi lenye kupuliziwa hewa likitunzwa linasafisha uchafu unaooza vizuri kuliko kitanda changu, na kwenye hoteli yenye fundi wa kudumu ningeliweka. Lakini kipulizi cha wati 80 kinachozunguka usiku na mchana kinakula karibu uniti 58 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75, ukijumlisha na taa na friji hapo umeshatoka. LUKU ikiisha wapangaji wakibishana nani anunue, bakteria wanaoishi kwa hewa hawasubiri mwisho wa mabishano. Baada ya siku moja hivi wanaanza kufa, na maji yanatoka kama yalivyoingia. Hewa ya chumvi nayo inakula chuma. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakulifikiria kwa sababu hajasimama Mwambani siku ya bamvua: tangi la plastiki la lita 3,000 likiwa tupu, limezungukwa na maji, linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani tatu. Siku ya kulinyonya lingeibuka kama pomboo, na mabomba yake yote yamekatika.

Baada ya mchanga maji yaende wapi? Kwenye mitaro mifupi, juu juu, ndani ya udongo mwekundu ulioletwa kwa lori, penye migomba na minazi. Siyo mchicha wala nyanya. Masika migomba haitayamaliza maji yote, na yatakayozidi yatazama mwambani. Lakini yatazama yakiwa yamepita mahali patatu, na upande wa mbali na kisima. Shimo la zamani lifukiwe kwa kifusi baada ya kunyonywa. Klorini ya vidonge ningeiweka mwisho kabisa tu, baada ya mchanga, kama majirani wengi wanateka maji karibu. Ukiiweka kabla ya kitanda unawaua wafanyakazi wako.

Hata hivyo kisima hakitarudi kuwa cha kunywa. Mkojo una naitrojeni nyingi, na kitanda pamoja na mchanga huigeuza zaidi kuliko kuiondoa: sehemu kubwa inakuwa naitreti, ambayo haina rangi wala harufu na haiondoki kwa kuchemsha, ukichemsha sana unaizidisha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Mpangaji wako akijifungua, mwambie hilo wewe mwenyewe. Peleka sampuli maabara ya mamlaka ya maji, waombe wapime vijidudu vya kinyesi na naitreti, sasa na tena miezi sita baada ya kazi.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, fuata mpangilio huu: kunyonya tangi, tii, maji ya paa na mtego wa mafuta mwezi huu. Kitanda cha matete kabla ya masika yajayo, kimalizikie kwenye mitaro ya migomba. Tuta la mchanga na pampu mwaka unaofuata. Ramani pitisha kwa afisa afya wa kata na Halmashauri ya Jiji kabla ya kuchimba, na uwaulize kuhusu kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Fundi wako usimfukuze. Mtu anayeweza kuchimba matumbawe kwa mtaimbo ndiye utakayemhitaji kwa msingi wa kitanda. Mwonyeshe tu jibu hili kwanza.

Nataka vipimo viwili kutoka kwako nikuchoree usawa wa mabomba. Mwezi ukiwa mpevu, maji yakijaa, shusha kisimani kamba yenye jiwe, upime kutoka usawa wa ardhi mpaka kwenye maji. Juma moja baadaye, maji mafu, pima tena bahari ikiwa imejaa, hata kama ni saa nyingine ya siku. Niandikie namba zote mbili, na uniambie uwanja unateremkia upande gani: kwako kisimani au kwa jirani.